Mwongozo kamili: Kutumia zafarani kusaidia sonona, wiki nane hatua kwa hatua

Wengi wanaoniuliza kuhusu mitishamba ya sonona wamekwama pale pale. Mmoja amekunywa dawa tano kwa mpigo, hajui ipi imemsaidia na ipi imemharisha. Mwingine amekunywa siku nne, akaona kimya, akaacha. Wa tatu, na huyu ndiye anayeninyima usingizi, ameacha vidonge vya hospitali siku ileile aliyonunua chupa ya majani.

Njia nitakayokuonyesha ni nyembamba: mmea mmoja, kipimo kimoja, wiki nane, na daftari. Mmea wenyewe ni zafarani. Nimeuchagua kwa sababu umepimwa kwa watu wenye sonona, na ni kitu ambacho jikoni za Pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, na za ndugu zetu walioko Maskati na Dubai, zinakijua kwa jina na kwa harufu.

Soma hapa kwanza. Kama unawaza kufa au kujidhuru, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au umeshindwa kula na kuinuka kitandani, mwongozo huu si wako leo. Mwambie mtu mmoja sasa hivi, akupeleke hospitali yoyote iliyo karibu, hata kama ni usiku. Dawa zote za nyumbani na sumu za shambani akae nazo yeye.

## Vitu vya kuandaa

- Zafarani ya nyuzi, gramu 2. Isiwe ya unga.
- Karatasi nyeupe ngumu na kisu butu.
- Vipande 64 vya karatasi vya kufungia dozi, na kopo lenye mfuniko wa kubana.
- Kinu kidogo na mchi wake.
- Daftari na kalamu.
- Orodha ya kila dawa unayotumia, ya hospitali, ya duka na ya mganga. Uzazi wa mpango ni dawa pia, uandike.
- Mtu mmoja anayejua kwamba umeanza.

Huyo wa mwisho usimwache. Sonona hudanganya mwenye nayo: inamwambia yuko sawa siku ambayo hayuko sawa, na inamwambia hakuna nafuu siku ambayo nafuu imeshaanza. Jicho la pili linasaidia.

## Hatua ya 1: Jipime kabla hujanywa chochote

Sonona, ambayo Kenya wengi huiita unyogovu na mitaani tunasema tu "anawaza sana", si huzuni ya siku mbili baada ya kugombana na mtu. Watabibu huanza kuitafuta pale dalili zinapokaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku.

Kuna kipimo cha maswali tisa kinachotumika kliniki nyingi duniani, kinaitwa PHQ-9, na kimeshajaribiwa kwa Kiswahili. Jiulize: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na haya?

1. Kukosa hamu au raha ya kufanya mambo.
2. Huzuni, au kukata tamaa.
3. Kukosa usingizi, kukatika usingizi, au kulala kupita kiasi.
4. Uchovu.
5. Kukosa hamu ya kula, au kula kupita kiasi.
6. Kujiona hufai, au kwamba umejiangusha wewe na familia yako.
7. Kushindwa kutuliza akili, hata kusikiliza taarifa ya habari.
8. Kutembea au kusema polepole hadi watu waone. Au kinyume chake, kuhangaika bila kutulia.
9. Kuwaza kwamba ni heri ungekufa, au kuwaza kujidhuru.

Kila swali lipe 0 kama haijatokea kabisa, 1 kama ni siku kadhaa, 2 kama ni zaidi ya nusu ya siku, 3 kama ni karibu kila siku. Jumlisha. Andika jumla na tarehe kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Jumla ya 5 hadi 9 ni dalili nyepesi, na hapa ndipo zafarani ina nafasi yake. Ukipata 10 hadi 14, itumie tu ukiwa umeshaonana na mtabibu. Kuanzia 15 nenda kliniki kwanza; zafarani itakusubiri. Na kama jibu la swali la tisa si 0, hata kama jumla yote ni 4, rudi kwenye aya iliyoandikwa "Soma hapa kwanza".

Jambo moja hupitwa sana. Upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingoni, na baadhi ya dawa, ikiwemo efavirenzi ya wanaotumia ARV, vinaweza kuleta sura ileile ya sonona. Kipimo cha damu zahanati kinaweza kukuokoa miezi ya kunywa kitu kisichohusika.

Utajua umefaulu ukiwa na namba moja iliyoandikwa, si hisia.

## Hatua ya 2: Peleka orodha yako ya dawa kwa mfamasia

Watu huiruka hatua hii kwa sababu wanaona aibu, au wanaamini majani hayana madhara.

Binti mmoja alinifungulia mkoba wake mezani. Ndani kulikuwa na vidonge vya majira vya kuzuia mimba, dawa ya presha, na chupa nyeupe aliyoletewa na shemeji yake kutoka Ujerumani. "Shangazi, si ni majani tu haya?" Nikavaa miwani, tukasoma pamoja yale maandishi madogo ya nyuma ya chupa. Ilikuwa haiperikamu, ambayo nitaieleza huko chini, na ni kati ya mimea inayovunja nguvu ya vidonge vya majira. Nikamwambia, "Mwanangu, hata kwinini ilitoka kwenye gome la mti." Akanyamaza, kisha akaomba kalamu aandike orodha yake.

Zafarani ni mpole kuliko haiperikamu, lakini ina mipaka yake. Usiitumie kwa dozi ya dawa kama:

- Una mimba, au unatafuta mimba. Zafarani nyingi huchochea mji wa mimba.
- Unanyonyesha. Sonona baada ya kujifungua inatibika, lakini itibiwe kliniki.
- Umewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi: hulali, unasema bila kukoma, unatumia hela ovyo. Kitu chochote cha kuinua moyo kinaweza kukurudisha huko.
- Unatumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda.

Wenye dawa za presha wamwambie daktari, maana zafarani inaweza kushusha presha kidogo juu ya ile iliyoshushwa na dawa.

Na wewe uliye kwenye vidonge vya sonona vya hospitali, kama fluoksetini, amitriptilini au ndugu zake: usiache. Dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo kwa mkono wa daktari. Ukizikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi, mishtuko kama ya umeme kichwani, na sonona yenyewe kurudi. Wapo walioongezewa zafarani juu ya vidonge vyao katika majaribio, lakini walikuwa chini ya uangalizi. Uliza kwanza.

## Hatua ya 3: Nunua zafarani, si rangi

Zafarani ni ghali, na kila cha ghali kina wa kuiga. Huuzwa nywele za mahindi zilizotiwa rangi, petali za maua mengine, na manjano yaliyosagwa. Usichanganye pia na ule unga wa rangi wa kutia kwenye biriani. Huo ni rangi tu.

Nunua nyuzi nzima. Uzi wa kweli ni mwekundu wa damu ya mzee, mwembamba upande mmoja na umepanuka upande wa pili kama mdomo wa tarumbeta. Ukinusa, kuna harufu ya majani makavu yenye asali. Ukitafuna uzi mmoja, ni mchungu kidogo. Ukiwa mtamu, umepakwa kitu.

Kisha fanya jaribio hili nyumbani. Weka nyuzi tatu kwenye glasi ya maji ya kawaida, usikoroge. Zafarani ya kweli haina haraka: rangi ya njano ya dhahabu itaanza kutoka taratibu kama moshi, na baada ya robo saa maji yamekuwa ya njano huku uzi ukibaki mwekundu. Ya bandia humwaga wekundu papo hapo, na uzi unabaki mweupe kama umefuliwa.

Wanaokunywa kombe, yaani aya zilizoandikwa sahanini kwa wino wa zafarani kisha zikaoshwa kwa maji, waendelee na dua yao, sina neno nalo. Ila wino wa kombe usiuhesabu kama dozi, kwa sababu hakuna ajuaye ni kiasi gani cha zafarani kimo ndani ya sahani ile.

## Hatua ya 4: Gawa dozi

Majaribio mengi ya zafarani na sonona yalifanyika Iran, hasa Tehran, kuanzia miaka ya 2000. Kipimo kilichotumika sana ni miligramu 30 kwa siku, kwa wiki sita au nane. Watu walikuwa wachache, 30 au 40 kwa jaribio, wenye sonona nyepesi hadi ya kati. Mwisho wake, waliotumia zafarani walipata nafuu kuliko waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa, na katika majaribio mengine nafuu yao ilikaribiana na ya waliopewa fluoksetini au imipramini.

Naomba uelewe hapo kuna nini na hakuna nini. Wale walimeza zafarani iliyokamuliwa na kutiwa kwenye vidonge, si nyuzi za kikombeni. Ukipata vidonge vyenye lebo inayosema miligramu 30 kwa siku, hivyo viko karibu zaidi na kilichopimwa. Wa nyuzi tunakaribia tu.

Miligramu 30 ni nyuzi 13 hadi 15 hivi. Kuhesabu nyuzi kila siku kutakuchosha, na sonona haitaki kazi za kuchosha. Fanya hivi mara moja:

1. Tandaza gramu 1 kwenye karatasi nyeupe. Kama huna uhakika na uzito, mpelekee sonara, mizani yake inaweza.
2. Kwa kisu butu gawa mafungu mawili sawa. Kila fungu ligawe mawili tena, na tena, na tena, na tena. Ukigawa mara tano utakuwa na mafungu 32, kila moja miligramu 31 hivi.
3. Funga kila fungu kwenye kikaratasi chake.
4. Rudia kwa gramu ya pili. Sasa una dozi 64, unahitaji 56.
5. Weka kwenye kopo, mbali na mwanga, mvuke wa jiko na mikono ya watoto.

Onyo. Usifikiri kwamba ukizidisha utapona haraka. Zafarani ikifika gramu 5 kwa siku ni sumu. Kikaratasi kimoja, siku moja. Ukisahau leo, kesho kunywa kimoja, si viwili.

## Hatua ya 5: Andaa na kunywa

Fungua kikaratasi, tia nyuzi kwenye kinu pamoja na chembe chache za sukari. Sukari inasaidia kusaga, maana nyuzi peke yake huruka na kushika kwenye mchi. Saga hadi iwe unga mwekundu. Mimina maji ya moto yaliyotulia dakika mbili baada ya kuchemka, nusu kikombe yanatosha. Funika kwa kisahani dakika 15, kwa sababu harufu ile unayoisikia ikipaa ni sehemu ya dawa inayokukimbia. Kisha kunywa yote pamoja na mashapo yake.

Kunywa baada ya chakula, saa ileile kila siku. Asubuhi ni bora kwa mtu ambaye usingizi wake ni mwepesi. Maziwa yanaruhusiwa. Usichemshe zafarani jikoni kama majani ya chai.

Siku za mwanzo wengine hupata kichefuchefu kidogo, kinywa kukauka, au kichwa kuuma. Mara nyingi hupita. Ukivimba uso, ukitoka vipele au ukitokwa damu mahali popote, acha na uende hospitali. Na kama ghafla umejawa na nguvu za ajabu, hulali lakini huchoki, usifurahi: acha, na mtu wako wa karibu akupeleke kwa daktari.

## Hatua ya 6: Andika kila jioni, pima kila wiki mbili

Mstari mmoja unatosha: umelala saa ngapi, umekula, umetoka nje, moyo uko wapi kati ya 0 na 10. Usiandike kurasa. Anayetaka kuandika kurasa ataacha siku ya sita.

Kila baada ya siku 14 rudia yale maswali tisa bila kutazama namba za nyuma.

Wiki mbili za kwanza tegemea kidogo sana. Hapa ndipo wengi huacha. Kinachotangulia kurudi mara nyingi si furaha, ni vitu vidogo: umeoga bila kulazimishwa, umeikumbuka simu ya rafiki ukampigia, chakula kimekuwa na ladha ya chumvi. Mtu wako wa karibu anaweza kuviona kabla yako, mwombe avitaje.

Ikiwa namba inapanda badala ya kushuka katika vipimo viwili mfululizo, usisubiri wiki ya nane, nenda kliniki.

## Hatua ya 7: Vinavyokwenda sambamba

Zafarani haitabeba kila kitu. Tembea nusu saa asubuhi jua likiwa bado pole, siku nyingi uwezavyo. Amka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya. Punguza pombe, na kama unatafuna miraa, jua kwamba ule mshuko wa moyo unaokuja baada ya stimu kuisha utakuharibia daftari lote: hutajua kinachokuangusha ni sonona au ni gomba.

Na ongea. Harare, Zimbabwe, kuna mabibi waliofunzwa kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati, kusikiliza na kusaidia kulichambua tatizo moja baada ya jingine. Kwa Kishona ugonjwa wenyewe huitwa kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, sawasawa na tunavyosema sisi. Jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha waliokaa na mabibi hao walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kama mtaani kwenu kuna mshauri nasaha, au shangazi mwenye masikio na kifua cha siri, mtumie.

## Mimea mingine mnayoniuliza

Haiperikamu. Kwenye chupa za Ulaya na Marekani utaona imeandikwa St. John's wort. Ni mmea wa maua ya njano, na kwa sonona nyepesi hadi ya kati ushahidi wake ni mkubwa kuliko wa zafarani: uchambuzi wa mwaka 2008 ulikusanya majaribio 29 yenye watu zaidi ya 5,000. Kwa nini basi sikuanza nayo? Kwa sababu huamsha vimeng'enya vya ini, na ini likiamka linazifagia dawa nyingine kabla hazijafanya kazi. Vidonge vya majira na kijiti cha uzazi wa mpango vinapungua nguvu, na mimba inaingia. ARV, ikiwemo dolutegraviri, zinapungua damuni, na virusi vinapata mwanya wa kuwa sugu. Vivyo hivyo warfarini, baadhi ya dawa za moyo, na dawa za waliopandikizwa figo. Ikikutana na fluoksetini inaweza kuleta kutetemeka, jasho, homa na kuchanganyikiwa, hali inayoweza kuua.

Wewe uliye Ulaya au Marekani, ambako inapangwa kwenye rafu karibu na vitamini, usiitie kwenye begi la zawadi. Huku nyumbani hujui nani anatumia ARV na hajakwambia. Na usichume maua ya jamaa zake yanayoota kwenye milima yetu ukadhani ni mmea uleule. Si yule uliopimwa.

Mchaichai. Kinywaji kizuri, na kukaa na kikombe chake jioni kunatuliza. Lakini ulipojaribiwa Brazili katika miaka ya 1980, haukuonekana kuongeza usingizi wala kupunguza wasiwasi. Unywe kwa raha yake.

Manjano. Kilichojaribiwa ni kurkumini, kiini kilichomo ndani ya manjano, miligramu 500 hadi 1,000 kwa siku. Kijiko cha chai cha manjano kina chini ya 100 hivi, na mwili hufyonza kidogo sana. Maziwa ya manjano hayafiki huko.

Chupa isiyo na lebo. Hata kama aliyeiuza anaheshimika, kama hakuambii mmea gani, kiasi gani, na nani asiinywe, irudishe. Tanzania waganga wa tiba asili husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Muulize cheti chake. Mwenye nacho hakasiriki.

## Hatua ya 8: Amua siku ya 56

Jipime mara ya mwisho, kisha fungua ukurasa wa kwanza.

Namba ikiwa imeshuka kwa nusu au zaidi, imekusaidia, iwe ni zafarani, ni kutembea, ni mabadiliko ya maisha, au vyote. Ukiwa chini ya 5 umefika pazuri. Unaweza kumalizia zile dozi nane zilizobaki kwa kunywa siku moja na kuruka moja, kisha uache. Majaribio mengi hayakuvuka wiki 12, kwa hiyo sikushauri uifanye ya kudumu. Jipime tena wiki mbili na wiki sita baada ya kuacha, maana sonona ina tabia ya kurudi kimya kimya.

Namba ikishuka kidogo tu, chini ya nusu, au isiposhuka kabisa, zafarani haikukufaa. Usiongeze dozi na usihamie mmea mwingine kuanza wiki nane nyingine. Nenda kliniki ya afya ya akili wiki hiyo hiyo. Hospitali nyingi za wilaya na za rufaa zinayo, au zitakuelekeza iliko.

Beba daftari. Huenda siku hiyo maneno yakakukwama kooni mbele ya daktari. Mpe alisome: tarehe, namba tano za maswali tisa, saa za usingizi za siku 56, na orodha ya dawa zako zote kwenye ukurasa wa pili. Atajua pa kuanzia kabla hujafungua mdomo.